Sanaa inapokuita ungali na mzigo kichwani

Na Mwandishi Wetu

MTU aliyekulia ukimbizini kisha akarudi nyumbani ana mengi ya kutafuta kabla hajafikiria kuchora au kuimba. Atatafuta kiwanja, vitambulisho na shule ya watoto, na mara nyingine hata mzee mmoja tu wa kijijani anayelikumbuka jina la baba yake. Naye mchuuzi wa mpakani yuko njiani kabla jua halijachomoza, mtaji wote kaufunga kwenye ncha ya kanga. Mwambie mmoja wao kwamba ndani yake kuna msanii, naye atakuuliza kama sanaa inalipa ada ya shule.

Swali hilo ni la haki, na makala haya hayatalikwepa. Lakini ukweli mwingine ni kwamba katika makundi hayohayo mawili ndimo wanamopatikana wasusi, watunzi wa nyimbo za harusi, wachoraji wa mabango ya vinyozi, wanaoshona vitenge kwa mitindo waliyoibuni wenyewe, na vijana walioandika mashairi kwenye daftari za shule za kambini. Wengi wao husema wanafanya hivyo kupoteza muda tu. Baadhi yao hawasemi kweli, na wao wenyewe wanajua hivyo.

Je, mtu hutambuaje kwamba jambo analolifanya pembeni ndilo hasa linalostahili kuwa kazi yake? Na akishatambua, afanye nini na ule mtaji mdogo alio nao? Hebu tutazame habari za watu wa eneo letu ambao maisha yao yanafahamika. Wengi wao hawakuanza wakiwa wasanii, bali wakiwa wachuuzi, vibarua, wakimbizi na waajiriwa.

Sauti iliyouza vyungu

Tuanze na Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia maskini yenye asili ya utumwa, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Hakusoma shule. Nyumbani kwao walifinyanga vyungu, naye akawa anavitembeza vijijini kuviuza.

Kila mchuuzi anajua kwamba biashara ya kutembeza inataka sauti. Siti alikuwa nayo. Husimuliwa kwamba alipokuwa akinadi vyungu vyake, watu walimtambua angali mbali, wakatoka nje. Kwa miaka mingi sauti ile ilikuwa mtumishi wa chungu, kazi yake kumwita mnunuzi tu, na pesa ikalipwa kwa ajili ya udongo uliochomwa.

Mwaka 1911 alihamia mjini Zanzibar. Huko mwanamuziki mmoja, Ali Muhsin, akamfundisha kuimba kwa ala. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay, nchini India, kurekodi santuri. Santuri hizo za Kiswahili zikasikika pwani nzima na bara. Alipofariki mwaka 1950, jina lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba Shaaban Robert aliandika kitabu kizima cha wasifu wake.

Kipaji cha Siti hakikuzaliwa mjini, kwa kuwa sauti alikuwa nayo tangu Fumba. Kilichobadilika ni bidhaa. Siku moja ilidhihirika kwamba watu wangelipa kwa ajili ya sauti yenyewe, pasipo chungu. Basi nawe mwenye meza sokoni jiulize: wateja wako wanaorudi, wanafuata nini hasa? Kama wanafuata bei, wewe ni mfanyabiashara hodari, na hilo ni jambo jema. Kama wanapita meza tano zenye kitenge kilekile ili wachaguliwe rangi na wewe, au wakatiwe mtindo na wewe, basi kuna bidhaa ya pili unayoigawa bure.

Rangi ya baiskeli

Mtu wa pili ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Aliondoka kwao kwenda kutafuta riziki katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam. Alifanya kazi za bustani na vibarua vya kila aina. Hakusomea uchoraji mahali popote.

Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 36 hivi. Husemwa kwamba aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mjini, wageni wakizinunua, akaona kwamba naye anaweza. Hakuwa na pesa ya vifaa vya gharama. Akachukua vipande vya mbao laini za kujengea na rangi ya mafuta iliyotumika kupaka baiskeli. Akachora ndege, chui na miti. Mkewe akawa anaziuza picha hizo Oysterbay, mahali wageni walipokwenda kununua mahitaji yao.

Baada ya miaka minne tu, mwaka 1972, Tingatinga aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Hata hivyo alikwisha kuwafundisha vijana wachache, wengi wao jamaa zake, nao wakaendelea. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, na picha za namna hiyo zinauzwa toka Zanzibar hadi Nairobi na ng'ambo.

Kwa msomaji anayedhani kwamba muda wake umepita, habari hii inatosha. Miaka 36 si ujana. Zaidi ya hayo, Tingatinga hakungoja kuingiwa na ndoto usiku. Aliona soko kwanza, akaona mikono yake, akavilinganisha. Wapo wanaodhani kwamba kutazama soko ni kuitia sanaa najisi. Kwa mtu mwenye watoto wanaokula, huko ni kuwa na akili timamu.

Historia juu ya magunia ya unga

Kutoka Dar es Salaam twende Katanga. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji ambao leo ni Lubumbashi. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga vilivyokazwa kwenye fremu za mbao, na akatembea nyumba kwa nyumba kuuza picha zake kwa wafanyakazi na makarani waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Wateja walipenda picha za aina chache zilezile, kwa hiyo alizirudia tena na tena ili apate chakula.

Lakini Tshibumba alijihesabu kuwa mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alikutana na mtaalamu wa elimu ya jamii, Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha huko. Alipopata mnunuzi aliyetaka kusikiliza, Tshibumba alichora historia ya nchi yake tangu zamani hadi siku zile, picha zipatazo mia moja, na akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Katanga. Kazi hiyo ilichapishwa katika kitabu mwaka 1996. Mwenyewe hakuiona sifa hiyo, kwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilipotea, huku picha zake zikihifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya.

Habari hii inafundisha mambo mawili. Kwanza, zipo picha za mkate na ipo kazi ya moyo, na hakuna aibu kufanya za kwanza ili kuilisha ya pili. Kosa ni kusahau kwamba ya pili ipo. Pili, kazi yako isiondoke mkononi bila alama. Andika jina, andika tarehe, piga picha kwa simu, weka kumbukumbu ya aliyeinunua. Kama ni wimbo, uandikishe katika ofisi ya hakimiliki ya nchi yako kabla haujaanza kuvuma.

Vikapu kwa sahani ya chakula

Sanaa si kazi ya mtu mmoja chumbani tu. Dada wawili Wanyarwanda, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, walikulia ukimbizini nchini Uganda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 walirudi Rwanda. Nkubana alikuwa akiendesha hoteli Kigali, na wanawake walimjia na vikapu vya kusuka wakiomba kuvibadilisha kwa chakula.

Vikapu hivyo, agaseke, vilikuwepo tangu enzi za mabibi, na kila mtu alivijua. Walichokiona dada hawa ni kwamba kitu kinachobadilishwa kwa sahani ya wali kinaweza kuuzwa kwa bei ya kazi ya sanaa, ikiwa ufundi utasimamiwa. Wakaanzisha kampuni ya Gahaya Links, wakawakusanya wasusi, wakasisitiza vipimo, rangi na umaliziaji. Mwaka 2005 vikapu vya Rwanda vilianza kuuzwa katika maduka ya Macy's nchini Marekani. Mwaka 2008 Nkubana alikuwa mmoja wa wanawake wawili waliopewa Tuzo ya Afrika ya shirika la The Hunger Project.

Tunawataja dada hawa kwa makusudi, kwa sababu wapo wasomaji wetu ambao hawasuki wala hawachori, lakini macho yao hayakosei. Wakiona kikapu wanajua hiki kitapendwa na kile kitakaa. Wakisikia kijana anaimba wanajua anahitaji nini. Kubuni, kuchagua na kusimamia ubora ni kazi za sanaa pia. Kwa mtu aliyezoea biashara ya mpakani, huenda huo ndio mlango wake.

Aliyeiacha ofisi London

Mfano wa mwisho ni Gaël Faye. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa na mama Mnyarwanda aliyekuwa mkimbizi. Mwaka 1995, vita vikiwa vimepamba moto, alipelekwa Ufaransa akiwa na miaka 13. Alianza kuandika akiwa kijana. Hata hivyo alisoma mambo ya fedha na kufanya kazi London katika kampuni ya uwekezaji kwa muda wa miaka miwili, kisha akaiacha kazi hiyo ili aishi kwa muziki na maandishi.

Albamu yake ya kwanza akiwa peke yake ilitoka mwaka 2013. Riwaya yake Petit Pays, inayohusu utoto wa Bujumbura, ilitoka mwaka 2016 na kupata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari. Mwaka 2024 riwaya yake ya pili, Jacaranda, ilipata tuzo ya Renaudot. Tangu mwaka 2015 makazi yake yako Kigali.

Wengi wakisikia habari hii hushika kipande kimoja tu, kwamba aliacha kazi nzuri. Hawahesabu miaka. Tangu kijana yule aanze kuandika hadi riwaya yake ya kwanza, ilipita miaka ipatayo 20. Pia hawaangalii malighafi yake. Kile alichokuja kukiandika ndicho kile ambacho wengi wetu tulikwisha kukiita hasara: nyumba iliyoachwa, lugha zilizochanganyika, mtaa uliotawanyika. Mtu aliyerudi nyumbani ana ghala la habari ambalo mtu asiyewahi kuondoka hana. Si lazima kila mmoja alifungue, na wapo ambao kulifungua kunawaumiza. Lakini asiseme hana la kusema.

Dalili tatu

Kutokana na habari hizi tunaweza kutoa dalili tatu za kujipima.

Dalili ya kwanza ni kwamba watu wasiokujua wanatoa pesa. Sifa za shangazi na marafiki zinatia moyo, lakini hazijazi kibaba. Mtu asiye na deni kwako wala undugu nawe akitoa faranga zake, kisha akarudi au akamleta mwenzake, hapo kuna neno.

Dalili ya pili ni kwamba unairudia kazi hata siku ambayo haikukulipa, na unaivumilia sehemu yake inayochosha. Kila mtu anapenda kuimba jukwaani. Wachache wanapenda kurudia ubeti mmoja mara 40 hadi pumzi ikae sawa. Kila mtu anapenda kikapu kilichokamilika, lakini si kila mtu anapenda kufumua mistari sita kwa sababu rangi imepinda. Ukiona unafumua bila kuambiwa na mtu, jifahamu.

Dalili ya tatu ni kwamba umeanza kuziona kasoro zako mwenyewe na unatamani kufundishwa. Siti alikuwa na sauti iliyosifiwa, lakini alikaa chini akajifunza. Anayedhani hana la kujifunza bado anacheza.

Ukijipima na kuona hakuna hata moja, usihuzunike. Si kila anayeimba vizuri sharti aimbe kwa malipo. Kuimba kanisani, msikitini kwenye kasida, au arusini kwa jirani ni utajiri unaotosha, na ukiutia kwenye hesabu ya kodi ya nyumba unaweza kuuharibu.

Usiuchome mtaji

Tuseme dalili zipo. Je, uiuze meza yako kesho? Hapana. Fanya hesabu kwanza, kama unavyofanya kwa nyanya au sabuni.

Chukua mfano. Kikapu unakiuza faranga 10,000. Nyasi na rangi zinakugharimu 2,500, na usafiri 1,000. Zinabaki 6,500. Kama kilikuchukua siku tatu, umepata takriban 2,167 kwa siku. Kama uchuuzi wako unakuachia 3,000 kwa siku, basi kikapu hakijaweza kuchukua nafasi yake, hata kama kila mtu anakisifu. Lakini ukizoea ukakisuka kwa siku mbili, unapata 3,250 kwa siku, na hesabu imegeuka. Au ukimpata mnunuzi wa 13,000, zinabaki 9,500, yaani karibu 3,167 kwa siku, hata kwa siku zilezile tatu. Wengi husahau kuzihesabu siku zao, wakidhani muda wao ni wa bure. Ndiyo maana wanafanya kazi sana na hawaoni pesa.

Basi weka daftari mbili, moja ya biashara na nyingine ya sanaa, wala usizichanganye. Endelea na meza hadi daftari ya sanaa ioneshe, tuseme kwa miezi sita mfululizo, kwamba inaweza kulisha nyumba. Badala ya kuacha kazi kwa mara moja, punguza siku. Anza na siku moja ya juma ambayo si ya soko kubwa. Pesa ya upatu, au likelemba kama wasemavyo wenzetu wa Kongo, ni ya watu. Usiipeleke studio bila wao kujua. Na mwenzako wa nyumbani aione hesabu hiyo, kwa sababu mume au mke anayeiona kwenye daftari hupinga kidogo kuliko yule anayeambiwa habari za ndoto.

Kuhusu mpaka, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvushwa kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa bila kulipa ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine za ndani zinaweza kuwapo. Kabla hujabeba mzigo wa vikapu au picha, uliza dawati la forodha kama bidhaa yako imo kwenye orodha, na uombe cheti. Burundi na Rwanda ziliingia katika Jumuiya mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022.

Lipo pia tamasha la sanaa na utamaduni la Jumuiya, JAMAFEST, lililoanza Kigali mwaka 2013 na kupita Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kabla ya kufika Bujumbura mwaka 2022. Katika mikusanyiko ya namna hiyo msanii mdogo huona kazi za wenzake, hulinganisha bei, na hupata wateja wa nchi nyingine. Ofisi za utamaduni za wilaya au wilaya za miji huwa ndizo zinazoandikisha vikundi. Kama hujawahi kuingia katika ofisi hiyo, anzia hapo.

Tusidanganyane kwamba njia hii ina usalama. Mipaka ilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wenye nyanya waliumia na wenye ngoma waliumia pia. Mwenye njia mbili za riziki, ya meza na ya mikono yake, ndiye aliyekuwa na mahali pa kuegemea. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoiacha ya kwanza haraka, na ya kutoipuuza ya pili.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwenyewe ndiko huku: kufumua mistari iliyopinda, kuandika daftari, kumwomba aliyekutangulia akufundishe, kusubiri. Siti alibeba vyungu miaka mingi kabla hajabeba jina. Nawe kama leo umebeba mzigo kichwani na wimbo mdomoni, usiutupe mzigo, na wimbo usiunyamazishe. Jioni hii fungua daftari ya pili, andika tarehe, na uandike kazi uliyoifanya kwa mikono yako juma hili, siku ilizokuchukua, na nani aliyeilipia.